Gari likinuka petroli usilizoee: mipira, paipu na klipu za mafuta

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Oili tunaijua, breki tunazijua, tairi ndiyo usiseme. Ila mpira wa mafuta, huu wa kupitisha petroli kutoka tangini kwenda kwenye injini, hatuna habari nao mpaka siku uvuje. Mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Gari langu ni la petroli, la nozeli (zinazopuliza petroli kwa presha), si la kabureta ya zamani. Miezi minane nyuma lilikuwa linakatakata, nikalipeleka gereji, fundi akabadilisha filta ya mafuta. Mpira mfupi unaotoka kwenye filta kwenda kwenye injini ulikuwa umekakamaa, akautoa akaweka mpya. Nikalipa nikaondoka, gari likatulia. Sikuuliza ni mpira wa aina gani. Mpira si mpira tu?

Wiki mbili zilizopita asubuhi mwanangu anapanda siti ya nyuma, akasema, "Baba, gari linanuka." Ile harufu nilishaisikia siku tatu mfululizo, nikawa najiambia ni petroli iliyomwagika wakati wa kujaza. Kuisikia kutoka kwa mtoto ndiko kulikonishtua. Nikawashusha wote. Injini ilikuwa ya baridi tangu usiku. Nikafungua boneti, nikamwomba mke wangu azungushe ufunguo taa za dashibodi ziwake tu, stata asiiguse. Pampu ikalia sekunde mbili kama kawaida yake. Pale chini ya klipu kikatokea kitone. Kikakua, kikaning'inia, kikadondoka. Akazungusha mara ya pili, kikaja kingine. Nikapima kwa mkono: kutoka pale kitone kinapodondoka mpaka manifoldi ya egzozi, ile paipu ya moto inayotoa moshi kwenye injini, ni shubiri moja.

Siku tatu nilikuwa nimewapakia watoto kwenye gari lile.

Mpira ule ninao hadi leo. Kwa nje ni mweusi, unang'aa, ungeapa ni mpya. Nimeupasua kwa urefu: ndani umevimba, umelainika, ukiukwangua kwa ukucha unatoka tope jeusi. Ubavuni hauna neno lolote linalohusu mafuta. Ni mpira wa maji, wa hita. Na klipu iliyoukaza ni ile ya kuzungushwa kwa bisibisi, yenye matundu kwenye ukanda wake. Kingo za yale matundu zilikuwa zimeula mpira kuzunguka pande zote.

Ninachotaka kusema ni kimoja. Tunasema "gari linanuka petroli kidogo" kana kwamba harufu ni onyo la jambo litakalokuja. Harufu haionyi. Ukiisikia ujue petroli imeshatoka ndani ya mfumo, mvuke wake uko hewani, na kilichobaki ni kukutana na cheche.

Petroli haihitaji kupashwa moto ndipo itoe mvuke wa kuwaka. Inautoa hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mvuke huo ukifika takribani asilimia 1.4 ya hewa iliyopo, tayari unaweza kulipuka, na unaendelea hivyo mpaka asilimia 7 na kitu. Ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo haupandi ukapotea. Unashuka na kutambaa sakafuni, unajaa kwenye shimo la gereji, unalala chini ya gari lililofungiwa ndani. Pua inaisikia petroli mapema sana kabla haijafika kiwango cha kuwaka, na hiyo ni bahati yetu. Lakini pua huzoea. Kaa na ile harufu robo saa, utaapa imeisha. Ndiyo maana anayepanda gari lako leo tu anaisikia kuliko wewe.

Jambo la pili ni presha. Magari ya zamani ya kabureta, pampu inasukuma mafuta kwa presha ndogo, haifiki hata nusu bar. Mpira ukichoka unalowa, unadondosha. Magari ya nozeli za kawaida yana bar 3 hadi 4, yaani zaidi ya upepo ulio kwenye tairi lako. Hapo ufa mdogo haudondoshi, unapuliza. Petroli iliyopulizwa inakuwa ukungu, na ukungu wa petroli juu ya injini ya moto ni jambo la kutisha. Magari yanayopulizia mafuta moja kwa moja ndani ya silinda ndiyo usiseme: baada ya pampu ya pili presha ni bar 50 hadi 200, mengine zaidi. Paipu za upande ule ni za chuma, na hakuna mpira wa aina yoyote unaoruhusiwa kuwekwa pale.

Sasa mpira sahihi unaujuaje? Soma ubavuni. Kipimo kinachotumika sana ni cha SAE, chama cha wahandisi wa magari, namba yake J30, nacho kimegawanya mipira kwa herufi R. R6 na R7 ni ya presha ndogo, kabureta na njia za kurudishia mafuta. R7 mwisho wake ni psi 50, kama bar 3 na nusu hivi. R9 ni ya magari ya nozeli, ukuta wake wa ndani ni mpira maalumu wa florini usiopitisha mvuke ovyo. R10 ndiyo pekee iliyotengenezwa kuzama ndani ya tangi, kwa sababu mipira mingine inahimili petroli kwa ndani tu. Izamishe, ngozi ya nje inavimba na kumenyeka. Watu hubadilisha pampu, wakaunganisha ndani ya tangi kwa kipande chochote kilichokuwepo, halafu baada ya miezi gari linakosa nguvu wasijue kwa nini.

Na ile mipira ya plastiki inayoonyesha ndani, inayopendwa kwa sababu "unaona mafuta yakipita", isikae kwenye gari. Joto la injini linaikakamaza, inapasuka kama kijiti kikavu.

Nakaribisha maswali na marekebisho, hasa kutoka kwa mafundi.

#2 Mchangiaji

Mkuu asante kwa uzi. Mimi langu ni tofauti kidogo. Nikijaza tangi mpaka juu, harufu inakuwepo siku hiyo na kesho yake. Likifika robo tatu harufu inakata kabisa. Nimeishi nalo hivi mwaka wa pili. Chini ya boneti pakavu kabisa, nimeangalia. Je, na hili ni la kuhofia?

#3 Mwanzisha uzi

Ndiyo mkuu, ni la kuhofia. Na umelieleza vizuri, maana saa inayokuja harufu ndiyo inayokuambia pa kutafuta.

Harufu ya tangi likijaa tu: kinachovuja kiko juu ya usawa wa mafuta ya kawaida. Pana sehemu tatu za kwanza. Mpira mnene unaounganisha shingo ya kujazia na tangi, pamoja na mwenzake mwembamba wa kupumulia. Oringi (pete ya mpira ya kuzibia) ya kifuniko cha pampu juu ya tangi, ambacho magari mengi kinafikiwa kwa kunyanyua siti ya nyuma. Na mipira ya mvuke inayokwenda kwenye kopo la mkaa, lile linalonasa mvuke wa tangi usitoke hewani. Hili la mwisho hasa kwa wanaoendelea kuminya petroli baada ya bomba la kituo kukata lenyewe: petroli majimaji inapanda hadi kwenye kopo, inaloanisha mkaa, na kopo linaharibika.

Harufu ya asubuhi ya baridi, gari likipata moto inapotea: mara nyingi ni oringi za nozeli. Mpira uliozeeka unasinyaa kwenye baridi, unaacha upenyo, injini ikipata joto unatanuka na kuziba. Watu hulipuuza hili kwa sababu "linajitibu". Halijitibu. Kila asubuhi petroli inalowanisha kichwa cha injini.

Harufu ndani ya gari kuliko nje, hasa vioo vikiwa vimefungwa: nyanyua siti ya nyuma kwanza.

Harufu baada ya kuzima gari ukiwa umetoka safari: joto la injini linapanda kwa dakika kadhaa baada ya kuzima kwa sababu feni na maji havizunguki tena, na presha ya mafuta bado imo kwenye paipu. Uvujaji mdogo unajitokeza saa hiyo. Simama mbele ya gari dakika tano baada ya kuegesha, unuse.

Kuna na huu unaodanganya watu sana: hakuna tone popote, ila gari linakunywa, moshi mweusi, na ukichomoa kijiti cha oili kinanuka petroli. Kwenye magari yenye kirekebisha presha kilichounganishwa na mpira mwembamba wa vakyumu, chomoa ule mpira uuangalie. Ukiwa na petroli ndani, utando wa kirekebisha presha umetoboka na petroli inafyonzwa na injini kupitia huko.

Lako mkuu, naanza na shingo ya kujazia. Vua tairi la nyuma upande wa kifuniko cha mafuta, toa ile plastiki ya kuzuia tope, angalia mpira wenyewe kwa tochi. Uguse, uminye. Tuletee majibu.

#4 Mchangiaji

Mimi ni fundi, nina miaka mingi kwenye kazi hii. Mleta mada kaandika mambo ya kweli, niongeze ya upande wetu.

Kwanza kuhusu mpira wa maji. Simtetei mwenzangu aliyeuweka, ni kosa. Ila wateja nanyi mjue: mteja akisema "weka chochote, nina haraka" anapata chochote. Njoo na mpira wako mkononi ukitaka, ulete na maandishi yake tuyasome pamoja.

Pili, paipu za chuma zinazopita chini ya gari. Hizi watu hawaziangalii kabisa. Kutu haianzi pale panapoonekana, inaanza chini ya vishikizo. Pale kishikizo kinapoibana paipu, tope linajaa na unyevu haukauki. Kama gari linatembea karibu na bahari au kwenye barabara zinazomwagwa chumvi wakati wa theluji, ni mbaya zaidi. Nje ya kishikizo paipu inang'aa, ukikifungua unakuta ngozi imebaki kama karatasi. Ninapoikagua sipiti kwa macho tu, nafungua vishikizo viwili vitatu na kupangusa.

Na ukikuta imeoza, usikubali kukatiwa kipande na kuungwa kwa mpira na klipu mbili. Nitaeleza kwa nini. Mwisho wa paipu ya kiwandani una kifundo, kile kiuvimbe kinachozuia mpira kuteleza. Ukikata kwa msumeno, ule mwisho ni laini. Mpira unakaa pale kwa nguvu ya klipu peke yake. Siku presha ikipanda na joto likalegeza mpira, unachomoka wote kwa mkupuo mmoja, na pampu inaendelea kusukuma. Hapo hatuzungumzii kudondosha, ni kumwaga. Paipu inabadilishwa nzima, au mwisho unatengenezewa kifundo kwa kifaa chake.

Klipu nazo. Za magari ya nozeli ni zile zenye ukanda mzima usio na matundu, kingo zake zimekunjwa nje, unakaza kwa boliti na nati. Zinabana sawasawa kuzunguka. Ile yenye matundu ukiikaza sana inakata, ukiilegeza inavuja.

Viungo vya plastiki vya kubofya, vya magari ya kisasa, vina oringi ndani. Ukirudisha, sukuma mpaka usikie "tik", halafu uvute kwa nguvu kurudi nyuma. Kisichovutwa hakijakaguliwa. Nimepokea gari lililovuja kwa sababu tu kiungo kilikaa nusu.

#5 Mchangiaji

Swali kwa fundi: nikitaka kubadilisha filta mwenyewe nyumbani, ile presha inayobaki naitoaje? Mara ya mwisho nilifungua ikanirukia usoni.

#6 Mchangiaji (yule fundi)

Pole sana ndugu, macho yako salama? Fanya hivi. Gari liwe nje, uwanja wazi, injini ya baridi. Toa fyuzi au relei (swichi ya umeme) ya pampu ya mafuta. Washa injini, iache ingurume mpaka izimike yenyewe kwa kukosa mafuta, piga stata mara moja tena. Zima, toa waya wa hasi wa betri. Fungua kifuniko cha tangi upumue. Hapo funika kiungo kwa kitambaa, vaa miwani, legeza polepole. Matone machache yatatoka tu, hayazuiliki, weka chombo chini.

Upande wa presha kubwa wa gari linalopulizia moja kwa moja kwenye silinda, au dizeli ya komoni reli (paipu moja ya presha kubwa inayolisha nozeli zote), usiuguse nyumbani kwa njia hii. Una utaratibu wake.

Na taa. Tumia tochi ya LED. Zile taa za kuning'iniza zenye balbu ya kioo ya moto zimechoma gereji nyingi: petroli ya baridi ikirukia balbu, kioo kinapasuka, na waya wa ndani bado ni mwekundu. Fundi aliye chini ya gari hapati hata muda wa kutoka. Na usifanye kazi ya petroli ndani ya shimo, mleta mada kashasema mvuke unashuka.

#7 Mchangiaji

Wenye dizeli tupumue basi. Dizeli unaweza kutupia kiberiti ndani na hakuna kitu.

#8 Mwanzisha uzi

Mkuu hapana, hapa nikupinge kwa nia njema. Ni kweli dizeli haitoi mvuke wa kuwaka mpaka ifike kama nyuzi 52 au zaidi, kwa hiyo iliyomo kwenye ndoo haishiki kirahisi. Lakini kwenye injini haiko kwenye ndoo. Ikipulizwa inakuwa ukungu, na ukungu haungoji nyuzi 52. Na dizeli inajiwasha yenyewe kwenye joto la chini kuliko petroli, hata bila cheche. Nyumba ya turbo, ile inayozungushwa na moshi wa egzozi, ikiwa imepata moto sawasawa, ni jiko tosha.

La pili ni la mwili wako. Komoni reli inafanya kazi kwa bar zaidi ya 1,000, za sasa zinapita 2,000. Uvujaji wa tundu la sindano pale hauonekani kwa jicho. Watu wanapapasa paipu kwa kidole kutafuta panapovuja, injini ikiwa inanguruma. Dizeli inapenya ngozi na kuingia ndani ya nyama. Mwanzo unaona kama umechomwa na mwiba, maumivu kidogo tu, unaendelea na kazi. Baada ya saa chache mkono umevimba, nyama inakufa ndani. Huyo anatakiwa kwenye chumba cha upasuaji siku hiyo hiyo, na kila saa inayopita inampunguzia nafasi ya kubaki na kidole. Akifika hospitali aseme wazi kwamba ni dizeli ya presha kubwa, maana kidonda chenyewe kinaonekana kidogo na anaweza kurudishwa nyumbani. Ukitafuta uvujaji, tumia kipande cha boksi, pitisha mbele ya paipu ukiwa mbali. Mkono, hapana.

#9 Mchangiaji (yule fundi)

Na kwenye dizeli nyingi paipu ya kutoka tangini hadi pampu ya injini inafyonza, haisukumi. Ikipata ufa haidondoshi kitu, inavuta hewa. Gari linasumbua kuwaka asubuhi, linazima njiani, unabonyeza pampu ya mkono linawaka, kesho yale yale. Watu wanabadilisha betri, plagi za joto, hata pampu. Weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kwa dakika chache za kupima tu, uone mapovu yakipita, kisha ukitoe.

Dizeli inayodondokea mipira ya maji na mipira ya kushikilia injini inailainisha pia. Na ikidondoka barabarani, wa pikipiki anayekuja nyuma yako ndiye anayeanguka.

#10 Mchangiaji

Panya je? Langu liliegeshwa mwezi mzima, nikakuta paipu ya plastiki imetafunwa, alama za meno kabisa. Petroli ilianza kutoka nilipozungusha ufunguo tu.

#11 Mwanzisha uzi

Wanatafuna sana mkuu, zile za nailoni hasa. Gari lililokaa muda mrefu lianze na ukaguzi wa boneti na chini kabla ya ufunguo. Na isizibwe kwa gundi wala kufungwa kwa raba ya baiskeli. Hakuna gundi ya dukani ya kuaminiwa kwenye plastiki ile, tena chini ya bar 3. Ni kubadilisha.

#12 Mchangiaji

Gari langu pampu ya mafuta ilisumbua, fundi akaiunga "direct", inapata moto kutoka kwenye swichi ya ufunguo. Tangu hapo halijawahi kuzima. Kuna tatizo?

#13 Mwanzisha uzi

Kubwa, na nashukuru umeuliza.

Umeona pampu inavyolia sekunde mbili ukizungusha ufunguo, kisha inanyamaza? Hiyo ni kompyuta ya gari. Isipoona injini inazunguka, inakata umeme wa pampu. Gari likigongwa injini ikazima, pampu inakufa nayo. Magari mengi yana ulinzi wa ziada: mifuko ya hewa ikifyatuka pampu inakatwa, mengine yana swichi inayoruka kwa mshtuko wa ajali. Pampu ya "direct" haina lolote kati ya hayo. Umegongwa, umezimia, ufunguo uko kwenye nafasi ya kuwasha, paipu imekatika: pampu itamwaga petroli mpaka tangi liishe au betri ife. Rudisha mfumo wa relei ulivyokuwa, na utafute kilichokuwa kinazima pampu toka mwanzo.

Watengenezaji wenyewe walifika huku kwa gharama ya maisha ya watu. Mwaka 1978 Ford ililazimika kuyaita kwa marekebisho magari kama milioni 1.5 ya Pinto na ndugu yake Mercury Bobcat. Tangi lilikaa nyuma ya ekseli, karibu na bampa. Gari likigongwa nyuma, tangi lilitoboka na shingo ya kujazia ikachomoka. Leo sheria ya Marekani namba 301 inapima kwa gramu. Gari linagongwa kwenye jaribio, na mafuta yanayoruhusiwa kuvuja ni gramu 28 tangu mgongano mpaka gari lisimame, gramu 142 kwa dakika 5 zinazofuata, kisha gramu 28 kwa kila dakika baada ya hapo. Halafu linageuzwageuzwa ubavu na juu chini, bado linapimwa. Kanuni namba 34 ya Umoja wa Mataifa nayo haikubali zaidi ya gramu 30 kwa dakika. Mpira wangu wa hita ulikuwa umeyafuta yote hayo pasipo hata kugongwa.

Na gari jipya haliko salama kwa upya wake tu. Mwaka 2022 Ford hao hao waliita zaidi ya magari 634,000 duniani, yenye injini ya lita 1.5 ya silinda tatu, kwa sababu nozeli ingeweza kupata ufa na mafuta kufikia sehemu za moto. Chukua namba ya chesisi, zile tarakimu na herufi 17, iingize kwenye tovuti ya mtengenezaji wa gari lako uone kama kuna wito ambao haujafanyiwa kazi. Marekebisho ya wito wa usalama kwa kawaida hayalipiwi, hata kama umelinunua gari kwa mtu.

#14 Mchangiaji

Na ikitokea njiani, mko mwendo, harufu kali inaingia ghafla au moshi unatoka kwenye boneti, nifanye nini kwanza?

#15 Mwanzisha uzi

Ufunguo kwanza. Sogea pembeni, simama, zima. Ukizima, pampu inaacha kuulisha moto. Wengi wanashuka mbio gari likiwa bado linanguruma, na moto unaendelea kupata petroli mbichi kwa bar 3.

Pili, watu wote watoke, mkanda wa mtoto kwanza, waende mbali, mita 30 si nyingi, upande ambao upepo hauwapelekei moshi. Mizigo iache.

Boneti usiifungue wazi. Moto ulio chini yake unanyimwa hewa. Ukiinyanyua unaupa hewa yote na unakurukia usoni. Ukiwa na kizimamoto cha poda na moto ni mdogo, puliza kupitia upenyo wa boneti au kwa chini, mgongo wako ukiwa upande wa kukimbilia. Ukiisha mtungi na moto haujazimika, ondoka. Maji hapana, petroli inaelea juu ya maji na kusambaa.

Kama ni harufu tu bila moto, usiliwashe tena "lisogee kidogo". Stata yenyewe ina cheche. Livutwe.

#16 Mchangiaji (yule wa #2)

Wakuu nimerudi. Nimevua tairi jana jioni kama nilivyoelekezwa, nikatoa plastiki. Mpira mnene wa shingo ya kujazia una nyufa kuzunguka pale klipu inapokaa, ukiukunja kidogo zinafunguka, kidole kinanuka petroli papo hapo. Ule mwembamba wa kupumulia umepasuka kabisa upande wa juu, sikuwahi kuuona kwa sababu umegeukia bodi. Mwaka wa pili huu natembea navyo. Mpira mpya wenye maandishi ya mafuta nimeagiza, utafika baada ya siku nne. Naweza kulitumia kwa kuweka nusu tangi tu mpaka ufike?

#17 Mwanzisha uzi

Mkuu umefanya kazi nzuri sana. Nusu tangi haitavuja ukiwa unaendesha sawasawa, hilo ni kweli, lakini mvuke unatoka muda wote kwenye ule ufa, na gari likiegemea ubavu kwenye ajali petroli itamwagika kupitia pale pale. Siku nne liegeshe nje, mahali wazi, mbali na jiko na mbali na dirisha la wanapolala watoto. Ukifunga mpya, badilisha na klipu zote mbili, jaza tangi mpaka bomba likate lenyewe, kisha subiri kama saa moja, uinamishe kichwa pale kwenye tairi unuse. Utupe jibu hapa.

#18 Mchangiaji (yule wa #12)

Mimi nimelipeleka leo. Fundi mwingine kakuta soketi ya relei ya pampu imeungua pini moja. Kabadilisha soketi, karudisha waya zake. Nikizungusha ufunguo sasa inalia sekunde mbili na kunyamaza.